Tuni na Kumbukumbu: Muziki wa Kale na wa Sinema Mbele ya Kamati ya Ibada

Katika sharika zetu nyingi limeingia swali ambalo waliotufundisha somo la ibada hawakulikuta. Wafiwa, au maarusi, huja kwa mchungaji wakiwa na simu mkononi, nao huomba muziki fulani upigwe kanisani: mara kipande cha Mozart, mara wimbo wa Handel, na mara nyingi zaidi muziki uliotungwa kwa ajili ya sinema. Kamati ya ibada huketi, na jambo la kwanza linaloulizwa ni hili: Muziki huu umetoka wapi? Ukiwa umetoka kanisani, hupita. Ukiwa umetoka katika sinema, hukataliwa. Katika makala hii twakusudia kuonyesha ya kwamba swali hilo, ijapokuwa lina heshima yake, halistahili kuwa la kwanza. Yafaa kwanza kuuliza tuni hiyo imebeba nini ndani ya watu wanaoiomba, na Neno la Mungu litakaa wapi karibu nayo.

Tunaandika kama watu tuliohudumu miaka kadhaa huko Mawengi, katika milima ya Upangwa wilayani Ludewa, mkoani Njombe, ambako ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka na habari ya msiba hufika upesi kuliko gari. Tutayasimulia ya huko baadaye. Kwanza tuanze na mtu ambaye wasomaji wa jarida hili hawatamkataa.

Mwaka 1530, Ungamo lilipokuwa likisomwa na kujadiliwa huko Augsburg, Martin Luther hakuweza kuwapo, kwa kuwa alikuwa chini ya marufuku ya dola. Alikaa miezi mingi katika ngome ya Coburg. Mwezi wa Juni alipata habari ya kwamba baba yake, mzee Hans, amefariki. Afya yake mwenyewe ilikuwa mbaya, naye aliwaza sana juu ya kifo. Mwanzoni mwa Oktoba alimwandikia barua Ludwig Senfl, mtunzi wa muziki aliyekuwa akimtumikia mtawala wa Bavaria huko München, yaani katika nyumba iliyoyapinga Matengenezo waziwazi. Ni katika barua hiyo Luther aliandika ya kwamba baada ya theolojia hakuna sanaa iwezayo kulinganishwa na muziki. Maneno hayo kila mwanafunzi wetu ameyasikia. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba barua yenyewe iliandikwa kwa ajili ya ombi. Luther alimwomba Senfl amtungie sauti kadhaa juu ya tuni moja ya kale ya Zaburi ya 4, ile inayohusu kulala kwa amani, akieleza kwamba tuni hiyo aliipenda tangu ujana wake.

Tuitazame hali hiyo vizuri. Mtu aliyefiwa na baba, mgonjwa, aliye mbali na nyumbani, anaomba tuni ya utotoni. Tuni hiyo ilitoka katika ibada za Kanisa alilokuwa akishindana nalo, na aliyeombwa kuitengeneza alikula mkate wa mtawala aliyemchukia Luther. Kama kamati zetu zingeketi Coburg, pengine ombi lile lingekataliwa.

Walakini hatutaki kusema ya kwamba asili ya tuni si kitu. Tunasema tu kwamba asili haikai mahali pamoja. Mfano ulio bora ni tuni tunayoimba siku ya Ijumaa Kuu, ile ya kichwa cha Bwana kilichovikwa taji ya miiba. Hans Leo Hassler aliichapisha mwaka 1601 ikiwa wimbo wa mapenzi: kijana anaeleza jinsi moyo wake ulivyofadhaika kwa ajili ya msichana. Katikati ya karne hiyohiyo maneno ya Paul Gerhardt yaliunganishwa nayo, na Johann Sebastian Bach akaitumia mara tano katika Mateso ya Bwana Wetu kwa Mathayo, utunzi uliopigwa Leipzig siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1727. Leo hakuna Mlutheri anayeisikia na kumkumbuka msichana wa Hassler. Mateso ya Kristo yameikalia tuni ile kwa miaka mia tatu na zaidi, hata mwenye nyumba wa kwanza amesahauliwa.

Hata kwetu mambo ni hayo. Wazee wetu walikatazwa kuingiza kanisani tuni za ngoma na za vilabu vya ulanzi, na kwa wakati ule huenda katazo lilikuwa na sababu, kwa maana tuni hizo zilikuwa bado zimejaa yale yaliyofanyika huko. Baadaye, katika miaka ya 1960, Mchungaji Howard Olson wa Chuo cha Makumira aliwahimiza wanafunzi wake walete tuni za makabila yao. Bernard Kyamanywa alileta tuni ya Kihaya, akaiandikia maneno ya Pasaka, na wimbo wake, Mfurahini Haleluya, umo leo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Ulaya na Marekani. Huko nje wengi huimba bila kujua Wahaya ni akina nani. Hilo nalo linatufurahisha kidogo.

Basi tuni hupataje kumbukumbu? Turuhusiwe kutoa mifano yetu wenyewe. Utotoni mwetu kulikuwa na redio moja ya betri mtaani, na jioni watu walikusanyika kuisikiliza Sauti ya Injili, kituo cha Shirikisho la Walutheri Duniani kilichorusha matangazo kutoka Addis Ababa tangu mwaka 1963 hata kilipotaifishwa na serikali ya Ethiopia mwaka 1977. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi. Huko ndiko tulikosikia kinanda kikubwa kwa mara ya kwanza. Hatukujua mtunzi ni nani, wala hatukujua chombo chenyewe kinafananaje. Wengine tulidhani ni tarumbeta nyingi ndani ya pango. Miaka mingi baadaye, tulipomsikia Bach chuoni, harufu ya moshi wa kuni na ya mahindi ya kuchoma ilitujia tukiwa darasani. Mwalimu alikuwa akieleza ufundi wa fuga. Sisi tulikuwa mtaani kwetu.

Hali kadhalika Haleluya ya Handel. Wengi wa rika letu hatukujifunza kwa noti za mistari bali kwa solfa, mwalimu wa kwaya akiandika d, r, m ubaoni na kutuchapa kwa macho kila tulipoteleza. Besi waliimba sehemu yao wiki nne kabla ya kuwasikia soprano. Siku sauti zote nne zilipokutana, mzee mmoja wa besi alikaa chini akashindwa kuendelea. Baadaye tulisoma kwamba Handel, Mlutheri mzaliwa wa Halle, aliutunga utenzi mzima wa Masihi kwa siku 24 mwaka 1741, na kwamba onyesho la kwanza, lililofanyika Dublin tarehe 13 Aprili 1742, lilikusanya fedha zilizowafungua wafungwa wa madeni 142 na kuzisaidia hospitali mbili. Tunaipenda habari hiyo, na kila mwanafunzi aijue. Lakini tukiisikia Haleluya, anayetujia kwanza ni yule mzee aliyekaa chini.

Muziki wa sinema hufanya kwa saa mbili kazi ambayo mwaka wa Kanisa huifanya kwa miaka. Yafaa wachungaji waelewe jinsi unavyotengenezwa. Kwa kawaida mtunzi huitazama picha ikiwa imekwisha kukatwa na kuunganishwa, hupima kila tukio kwa sekunde, kisha hutunga tuni fupi kwa ajili ya mtu fulani au jambo fulani. Tuni hiyo husikika mara ya kwanza katika furaha, hurudi kwa sauti ya chini katika hatari, na hurudi tena wakati wa kifo. Mtazamaji halii kwa sababu ya picha tu. Hulia kwa sababu sikio lake limekumbuka furaha ya mwanzo. Bach alilijua jambo hili kabla ya sinema kuwapo. Tuni ile ya Hassler inaporudi mara tano, kila mara katika hali nyingine, msikilizaji hubeba ya kwanza hata ya mwisho.

Na watunzi wenyewe hutia humo misiba yao. Johannes Brahms, mtoto wa Hamburg, alifiwa na mama yake Februari 1865. Katika miaka mitatu iliyofuata alikamilisha Rekwiemu yake ya Kijerumani, akichagua mwenyewe maneno kutoka katika Biblia ya Luther, na baada ya onyesho la Bremen la mwaka 1868 akaongeza sehemu ya sauti ya mwanamke ambamo yamo maneno ya Isaya 66:13, juu ya mama amfarijiye mtoto wake. Hans Zimmer, mzaliwa wa Frankfurt, aliutunga muziki wa The Lion King, sinema ya mwaka 1994 ambayo watoto wetu waliipenda kwa sababu simba wake wana majina ya Kiswahili. Zimmer alifiwa na baba yake akiwa mtoto mdogo, na amesema mara kwa mara kwamba alipofika kwenye kifo cha simba baba alimtungia babaye wimbo wa maziko ambao hakuwahi kumtungia. Basi mtu akisema muziki huo ni wa katuni tu, amesema kweli, lakini hakusema yote.

Sinema inayoombwa zaidi na watu wa rika letu ni The Mission, iliyotolewa mwaka 1986, na muziki wake ni wa Ennio Morricone. Habari yake ni ya Wajesuiti na Waguarani wa Amerika ya Kusini, wakati Hispania na Ureno zilipogawana nchi kwa mkataba wa mwaka 1750 na vijiji vya misheni vikaangamizwa. Mwanzoni padre anapanda kando ya maporomoko ya maji, anaketi msituni, anapiga oboe. Mmoja wa wenyeji anaivunja ile oboe. Mwingine anaiokota na kujaribu kuiunganisha. Morricone amesimulia kwamba alipoitazama picha kabla ya kutiwa muziki alilia, akasema haihitaji muziki. Alipokubali, alitunga tuni ya oboe, na wimbo wa kwaya wa mtindo wa kanisani, na mapigo ya wenyeji, kisha akazipandanisha zote tatu ziimbwe kwa pamoja katika kipande alichokipa jina kutoka katika Sala ya Bwana, juu ya mbinguni na duniani.

Tuna neno la tahadhari hapa. Sisi ni wajukuu wa watu walioletewa Injili na Wamisionari wa Berlin waliofika Ubena na milima ya jirani mwishoni mwa karne ya 19, na tunaitazama sinema hiyo tukiwa upande wa wale waliokuwa msituni. Humo wenyeji husema kidogo mno. Mwenye oboe anajulikana jina. Aliyejaribu kuiunganisha oboe hatulijui lake. Muziki wa Morricone ni wa haki kuliko picha, kwa sababu katika ile kwaya ya mwisho mapigo ya Waguarani hayamezwi na sauti nyingine. Mfano wa kuuweka kando ya huo ni sinema ya Pier Paolo Pasolini ya mwaka 1964 juu ya Injili ya Mathayo. Pasolini hakuwa mwamini, walakini aliweka ndani yake Mateso ya Bach, na pamoja nayo Gloria ya Misa ya Kiluba, iliyoimbwa na vijana wa Kamina, Kongo, chini ya Padre Guido Haazen na kurekodiwa mwaka 1958. Ngoma za Katanga na kwaya ya Leipzig zinakaa katika Injili moja, wala hakuna iliyo mgeni wa mwenzake.

Sasa tuje Mawengi. Alifariki mwalimu mmoja mstaafu, mpiga tarumbeta wa usharika kwa miaka mingi. Watoto wake walikuwa wametawanyika Makambako, Mbeya na Dar es Salaam, na kwa kuwa ilibidi kuwasubiri, maziko yaliwekwa siku ya tatu. Binti yake mkubwa alikuja na ombi: ile tuni ya oboe ya The Mission ipigwe kanisani kwa kipaza sauti mahali pa wimbo wa pili. Wazee wa kanisa walikutana jikoni kwa marehemu, maana nje kulikuwa na baridi. Mmoja wao, mtu mwenye hekima ambaye tulimtegemea, alisema, “Baba Mchungaji, mwalimu tumemlea kwa tenzi, na kwa tenzi tumzike. Leo ni sinema, kesho watatuletea nini?”

Hatukumjibu juu ya sinema. Tulimwomba binti aeleze kwa nini tuni hiyo. Akaeleza ya kwamba baba yao aliiona picha ile zamani akiwa masomoni mbali na nyumbani, katika juma lilelile alilopata barua ya kifo cha mtoto wake wa kiume, na kwamba hakuweza kurudi kumzika. Tangu hapo aliipiga tuni ile kwa tarumbeta peke yake, jioni, nyuma ya nyumba. Watoto walikua wakidhani ni tuni ya kanisa. Wazee walinyamaza. Kumbe wengi wao walikuwa wakiisikia jioni kwa miaka mingi, nao hawakujua jina lake. Tuni iliyoitwa ngeni ilikuwa imekaa kijijini muda mrefu kuliko baadhi ya nyimbo za kitabu.

Yalibaki mambo mawili ya kuamua: mahali na chombo. Kipaza sauti tulikikataa, kwa sababu ibada si mahali pa kusikiliza watu wasiokuwapo ilhali waliopo wanaweza kupuliza. Vijana wa tarumbeta waliijua tuni kwa masikio. Mmoja aliiandika kwa solfa nyuma ya daftari la mahudhurio, na kwa usiku mbili waliifanyia mazoezi. Mahali tulipopakubali ni kaburini, baada ya udongo kurudishwa na baada ya Neno la Ufufuo kusomwa, si kabla. Kanisani tuliimba tenzi kama alivyotaka mzee wetu. Kaburini tarumbeta zilipiga. Ya pili iliteleza mara mbili, na upepo ulichukua sehemu ya mwisho. Mzee aliyepinga alivua kofia yake. Jioni alituambia kwamba bado haoni vizuri jambo hili, ila amefurahi kwamba Neno lilitangulia. Tunaiheshimu hoja yake hata leo, kwa maana si kila ombi lina historia kama ile.

Wako vijana wanaoomba muziki kwa sababu tu umevuma. Baba Yetu ya Christopher Tin, iliyotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa mwaka 2005 na kupata tuzo ya Grammy mwaka 2011, huombwa siku hizi kwenye arusi. Ukiuliza asili, ni mchezo. Ukiuliza maneno, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Kwa maoni yetu shida yake ni nyingine kabisa: ni ngumu, na kwaya isiyo na mazoezi huigeuza sala kuwa mashindano ya sauti. Katika jambo kama hilo mchungaji amsikilize mwalimu wa kwaya kuliko kamati.

Liko pia ombi ambalo lazima likataliwe, hata kama lina machozi ndani yake: lile linalotaka muziki ushike nafasi ya tangazo la Ufufuo. Habari ya Bremen ni ya kufundisha hapa. Rekwiemu ya Brahms inawafariji wafiwa kwa uzuri usio na mfano, lakini haisemi waziwazi juu ya kifo cha Kristo kinachokomboa. Karl Reinthaler, kiongozi wa muziki wa kanisa kuu la Bremen, alimwandikia Brahms juu ya upungufu huo. Brahms hakukubali kubadili neno. Basi ilipopigwa siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1868, katikati yake uliimbwa wimbo wa Handel unaotokana na Ayubu 19:25, juu ya Mkombozi aliye hai. Wanamuziki wengi huliona jambo hilo kuwa ni kuharibu utunzi. Sisi tunamwelewa Reinthaler. Hakumfukuza Brahms na msiba wa mama yake nje ya kanisa, wala hakumwachia asimame peke yake mbele ya wafiwa wa Bremen siku ya mateso ya Bwana.

Kwa wanafunzi wanaojiandaa kuingia sharikani tunashauri jambo moja la kazi. Mfiwa anapoomba muziki, muulize ameusikia wapi kwa mara ya kwanza, alikuwa na nani, na lilitokea nini. Andika anavyosema. Mara nyingi mahubiri ya maziko yamo humo, tena yakiwa kamili kuliko wasifu wa marehemu unaosomwa kwa tarehe na vyeo. Na mara nyingine ombi lenyewe huondoka, kwa kuwa aliyetaka kupigiwa muziki alikuwa akitafuta mtu wa kumsikiliza.

Luther naye alijibiwa. Alichokipokea kutoka München kwanza hakikuwa tuni aliyoiomba, bali utunzi wa Senfl juu ya Zaburi 118:17, mstari wa mtu anayekiri ya kwamba hatakufa bali ataishi. Ile ya Zaburi ya 4 ilifuata baadaye. Huko Mawengi tuni ya mwalimu imehamishwa kutoka nyuma ya daftari la mahudhurio hadi kwenye kitabu cha tarumbeta, bila maneno. Vijana wameomba ipewe maneno ya Kiswahili ili kwaya nayo iimbe. Wazee wamegawanyika: wengine wanataka Zaburi, na mzee wetu anasema iachwe kama ilivyo.